Barua ya wazi kwa kikundi cha Biblia: mwacheni aulize

Wanangu wapendwa,

Nimesikia kwamba mwenzenu mpya, aliyelelewa katika imani nyingine, aliwauliza: "Nanyi mngezaliwa kwetu, mngekuwa Wakristo?" Nimesikia pia kwamba mmoja wenu alimjibu kuwa swali hilo linatoka kwa shetani. Usiku ule sikulala.

Wengi wenu mlibatizwa kabla hamjajua kutembea. Imani mliikuta nyumbani, kama mlivyoikuta lugha. Si kosa, Timotheo, mwanafunzi wa Paulo, naye aliipata kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Ila huyu mwenzenu kila hatua anayopiga kuja kwenu inamtenga na watu waliomlea. Mnamwona mbishi, kumbe huenda akifika kwake analia. Msiidharau dini ya wazazi wake. Huko ndiko alikofundishwa kwamba Mungu yupo na anasikia.

Msomeni tena Nikodemo, polepole. Katika Yohana 3 huyu mkuu wa Wayahudi anamjia Yesu usiku, na Yesu hamuulizi kwa nini hakuja mchana. Mazungumzo yanakatika bila sisi kuambiwa kama aliamini. Sura ya 7 anamtetea Yesu mbele ya wakuu, tena kwa woga, kwa kuuliza tu kama sheria inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Kisha sura ya 19, msalaba umekwisha kazi yake, Petro hayupo, na anayekuja kumzika Yesu na manemane na udi, yapata ratli mia, ni yule wa usiku. Hatusomi popote kwamba kuna mtu aliyemharakisha.

Mimi niliwahi kuharakisha. Kijana mmoja alikuwa akiniuliza habari za Utatu, nami nikamjibu kwa katekisimu kabla hajamaliza kusema, nikampangia na siku ya ubatizo. Alibatizwa. Miezi michache baadaye hakuonekana tena. Tulipokutana aliniambia hakuna swali lake hata moja nililolisikiliza hadi mwisho. Alisema kweli, na hadi leo linaniuma.

Basi someni naye Injili ya Marko, ni fupi kuliko zote. Mkaribisheni chakula bila kugeuza chakula kuwa mahubiri. Msimuulize kila mara kama ameokoka, wala msimsukume akawaambie wazazi wake. Siku hiyo ataichagua mwenyewe. Akishindwa kusali, mwonyesheni yule baba wa Marko 9 aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto wake aliponywa, shaka ile ikiwa bado mdomoni.

Swali lake halijajibiwa. Mkikutana, mwombeni radhi kwanza, kisha kila mtu ajibu kwa moyo wake. Nitakuja, nami nitamwambia kwamba nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo, na sijui ningekuwa nani kama nisingezaliwa humo.

Mzee wenu