Barua kwa Mama: Neno la Hekima na Sufuria ya Ugali

Orem, Utah
27 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mvua za Mafinga zimekwenda vizuri na mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama. Huku mimi sijambo. Theluji bado imeufunika mlima Timpanogos, nao nauona kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee.

Nimeamua kuandika barua badala ya kutuma ujumbe wa simu kwa sababu jambo lenyewe linahitaji nafasi, na kwa sababu nilisikia jinsi sauti yako ilivyochoka siku ile Elia na Neema walipobishana mbele yako juu ya sufuria ya ugali. Elia, aliyetazama video nyingi za watu wanaosifu mlo wa nyama, mayai na mafuta, anataka uache wanga wote mara moja ili sukari ishuke. Neema anamjibu kwa Mafundisho na Maagano, kitabu cha ufunuo cha kanisa letu, sehemu ya 89, kwamba Mungu ameiweka nafaka kuwa tegemeo la maisha na nyama itumike kwa uchache, na kwa hiyo anayemnyima mama ugali anapingana na ufunuo. Wote wawili wanakupenda. Wote wawili pia ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo mimi ndiye niliyelileta nyumbani, ilhali wewe, uliyebaki Mlutheri na hukuwahi kumzuia mtoto wako yeyote, uliachwa na njaa mezani kwako mwenyewe. Naona ni wajibu wangu kusema ninachoamini, na nakuomba uwasomee wote wawili.

Neema ananukuu mistari, lakini hasimulii jinsi ilivyokuja. Leo imetimia miaka 192 tangu Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, alipopokea ufunuo tunaouita Neno la Hekima, katika mji wa Kirtland, jimbo la Ohio. Wanaume wa kanisa walikuwa wakikutana kwa mafunzo katika chumba cha juu kwenye duka la Newel K. Whitney, walivuta kiko, kisha wakatafuna tumbaku na kutema mate sakafuni. Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Joseph, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba kuchukizwa na moshi ule, pamoja na manung'uniko ya Emma Smith aliyelazimika kusafisha uchafu huo, ndiko kulikomfanya mumewe amwulize Mungu. Mimi huliwaza sana jambo hilo, kwamba sheria inayojulikana zaidi ya kanisa letu ilianzia kwenye sakafu ambayo mwanamke alichoka kuisugua.

Ufunuo wenyewe, Mama, una mambo mengi kuliko makatazo ambayo watu huyajua. Unakataza mvinyo na vileo vikali, tumbaku, na vinywaji vya moto, ambavyo Hyrum Smith, kaka yake Joseph, alivifafanua mwaka 1842 kuwa ni chai na kahawa. Kisha unageuka na kusifu: mimea iliyo mizuri kwa mwili, matunda kila moja kwa majira yake, nyama ya wanyama na ndege kwa uchache na kwa shukrani, na nafaka zote, ngano ikitajwa kuwa chakula cha mwanadamu. Mwanzoni haukutolewa kama amri wala kwa kulazimisha. Ni baadaye, hasa tangu mwaka 1921 wakati wa Rais wa kanisa Heber J. Grant, kuacha pombe, tumbaku, chai na kahawa kulipofanywa kuwa sharti la kupata kibali cha kuingia hekaluni. Sehemu ya nyama na nafaka haikuwekwa katika sharti hilo. Askofu wangu huniuliza kama nalishika Neno la Hekima, wala hajawahi kuniuliza nimekula nyama mara ngapi kwa wiki. Mambo hayo yameachwa mikononi mwa muumini mwenyewe, na hapo ndipo Elia na Neema wanapogombana, kila mmoja akijaribu kufunga kwa sheria mlango ulioachwa wazi.

Mitindo ya mlo nayo si jambo la leo. Katika miaka ile ile ya 1830 mhubiri mmoja wa Kipresbiteri, Sylvester Graham, alizunguka miji ya mashariki mwa Marekani akifundisha watu waache nyama na vileo, wale mkate wa unga usiochekechwa, na alipata wafuasi wengi. Watakatifu wa Kirtland hawakuishi kisiwani. Walisikia mahubiri ya namna hiyo kama Elia anavyosikia ya kwake kwenye simu. Tofauti ninayoiona ni kwamba ufunuo unasema umepangwa kulingana na uwezo wa walio dhaifu, hata aliye dhaifu kuliko wote kati ya watakatifu. Mlo ambao unamtaka mtu awe na fedha za kununua nyama ya ng'ombe, mayai, parachichi na siagi kila siku haujapangwa kwa ajili ya aliye dhaifu. Ukiufuata Mafinga, pensheni ya marehemu Baba itakwisha kabla ya tarehe kumi na tano.

Usidhani kwamba nasema haya nikiwa mahali ambapo watu wanakula kwa hekima. Hapa Utah kuna maduka madogo yanayouza soda tupu, ambako magari hupanga foleni tangu asubuhi, na mtu hupewa kikombe chenye ujazo wa zaidi ya lita moja, soda iliyoongezwa sharubati ya nazi na krimu juu yake. Kwa kuwa pombe na kahawa zimekatazwa, na mwaka 2012 kanisa lilieleza kwamba halikatazi kafeini yenyewe, wengi wamehamishia hamu yao yote kwenye sukari. Nimehudumia wazee ambao hawakuonja pombe maisha yao yote, na ambao sasa nawafunga vidonda vya miguu vilivyoletwa na ugonjwa ulio mwilini mwako. Walishika kila kilichokatazwa kwa jina. Kuhusu sukari hawakuulizwa na mtu, nao hawakujiuliza.

Bibi mmoja kati yao, mwenye umri wa miaka themanini na tisa, alinialika nyumbani kwa binti yake kabla hajahamia kwetu. Akanishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, na pale ukutani palikuwa na makopo makubwa ya bati yamepangwa mpaka darini, yamejaa ngano, maharage na shayiri, kwa maana kanisa limefundisha kwa vizazi kwamba kila nyumba iweke akiba ya chakula. Alifungua kopo lililoandikwa 1998 kwa wino ulioanza kufifia. Punje zilikuwa ngumu, kavu, za rangi ya dhahabu iliyokolea, na zilipomwagika ndani ya kinu cha chuma kilichofungwa pembeni mwa meza zilitoa sauti ile ile ya mahindi yanapomiminwa kwenye debe. Nilizungusha mpini mpaka bega likauma. Unga uliotoka ulikuwa wa hudhurungi, wenye pumba na kiini chake, ukinuka kama karanga mbichi, na mkate tuliopika ulikuwa mzito, wa kutafunwa polepole. Vipande viwili vilinitosha mpaka jioni. Nikakumbuka dona uliyokuwa ukitupikia kabla mashine ya kukoboa haijafika mtaani kwetu. Nafaka iliyosifiwa mwaka 1833 ndiyo hii, Mama, nafaka nzima iliyosagwa na ganda lake. Neema anapoutumia mstari ule kutetea bonge la sembe jeupe lililojaza sahani nzima, anautaka useme jambo ambalo walioupokea hawakuliona kwa macho yao.

Na Elia naye, kuhusu nyama. Mstari wenyewe una historia ya kushangaza. Katika matoleo ya mwanzo ya Kiingereza hapakuwa na mkato kabla ya neno linalotaja wakati wa kipupwe, baridi na njaa. Mkato huo uliingizwa katika toleo la 1921. Ukiusoma pamoja na mkato, Mungu anapendezwa nyama isiliwe isipokuwa nyakati hizo. Wapo wanaousoma bila mkato wakasema maana yake ni kwamba nyama isiwe ya nyakati hizo pekee, bali iliwe na nyakati nyingine. Nimesikia watu wazima wakibishana juu ya alama hiyo kwa saa nzima. Kwangu mimi neno lililotangulia, la kutumia nyama kwa uchache, halina mkato wa kulibadilisha, na sioni namna ambayo mtu anayekula nyama mara tatu kwa siku anaweza kuliweka neno hilo mahali pake.

Najua habari hii kwa sababu nilijaribu mwenyewe. Mwaka juzi niliacha nafaka zote kwa wiki sita. Nilipungua kilo tano, na wenzangu kazini walinisifu. Kisha ikafika Jumapili. Katika ibada yetu sakramenti ni mkate na maji, na vijana hupitisha sinia lenye vipande vidogo vya mkate kutoka mkono hadi mkono. Sinia liliponifikia nilisita. Nilikitazama kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, nikaanza kuhesabu gramu za wanga zilizomo. Mama wa kando yangu aliendelea kulishika sinia akinisubiri. Nilikila, lakini sikusikia neno hata moja la yale yaliyofuata, kwa sababu nilikuwa nimefika mahali pa kuupima mwili wa Bwana kama ninavyopima chakula cha mgonjwa. Siku ile ndiyo niliyoacha. Kilo tatu kati ya tano zimerudi, nami sizijutii.

Jambo la kufunga pia linachanganywa. Elia ananiambia kwamba kukaa bila kula saa kumi na sita ni kitu kile kile tunachofanya kanisani, na anataja mafunzo ya Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyewahi kuiongoza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kuhusu kupunguza ulaji. Namheshimu Profesa, na ni kweli wengi wetu tunakula kupita haja ya mwili. Lakini mfungo wetu wa Jumapili ya kwanza ya mwezi una mkono wa pili: milo miwili tunayoiacha, thamani yake hutolewa kama matoleo ya mfungo kwa ajili ya wenye shida. Tumbo langu linakaa tupu ili la mwingine lipate kitu. Ukiondoa huyo mwingine, kinachobaki kinaweza kuwa na faida kwa kiuno, lakini si mfungo tena. Na wewe, Mama, usifunge kwa namna yoyote, wala ya kanisa letu wala ya mtandaoni, bila kumwuliza daktari wako, kwa sababu baadhi ya dawa za kushusha sukari huishusha kupita kiasi mtu anapokaa bila chakula. Kanisa lenyewe halimtaki mgonjwa afunge. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali kuacha wanga wote ghafla ukiwa unaendelea kumeza dawa zile zile.

Fuata alichokuambia mhudumu wa kliniki, ulichonisomea kutoka kwenye karatasi: nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au kuku, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali. Mimi naongeza kwamba ugali huo uwe wa dona au wa ulezi. Mboga za maboga, mchicha na matembele unavyo mwenyewe shambani, kila kimoja kwa majira yake kama maandiko yanavyosema. Ukifanya hivyo Elia atapata wanga uliopungua, Neema atapata nafaka yake na nyama kidogo, nao hawatakuwa na la kubishania mezani kwako.

Kuna jambo moja la zamani ambalo sijawahi kulisema. Mwaka niliobatizwa nilikuja likizo, na jioni ya kwanza ulinimiminia chai ya Mufindi, majani ambayo Baba aliyachuma na kuyapima kwa miaka ishirini na miwili ili tusome. Nilikisukuma kikombe na kuanza kukuhubiria wewe na shangazi juu ya vinywaji vya moto. Hukujibu kitu. Uliirudisha chai kwenye chupa, na asubuhi nilipoamka nilikuta umechemsha mchaichai uliokatwa kwenye kingo za bustani, umeufunika kwa kisahani ili usipoe. Mpaka leo sijanywa chai, wala sitakunywa, kwa kuwa niliahidi. Lakini ningeweza kukataa kikombe kile bila kuigeuza kazi ya Baba kuwa dhambi mbele yako. Naomba unisamehe. Namwomba Neema pia asome sehemu hii polepole, kwa kuwa maneno anayoyatumia leo alijifunza kwangu.

Nimemkabidhi binti mmoja wa Iringa anayesafiri wiki ijayo mashine ndogo ya kupimia sukari na vipande vyake vya vipimo mia mbili; atavifikisha kwa Elia Dar es Salaam, naye avilete mwenyewe, asivitume kwa basi. Pima kabla ya kula asubuhi na uandike kwenye daftari. Jumapili hii, tarehe 2 Machi, nitapiga simu kwako ikifika saa mbili usiku, ambayo huku itakuwa saa nne asubuhi kabla sijaenda kanisani. Uwe na daftari karibu, unisomee namba zako kuanzia kipimo cha mwisho cha kliniki.

Binti yako akupendaye,
Tukuswiga