Watafiti wa ngozi, tuulizeni tulilalaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nitoe la moyoni kuhusu tafiti za magonjwa ya ngozi. Mimi si daktari. Nina pumu ya ngozi tangu nikiwa mtoto wa kunyonya, na miaka kadhaa iliyopita nilikubali kuingia kwenye jaribio la krimu mpya. Nilikwenda kwa moyo mkunjufu. Kila krimu ninayopaka leo imenifikia kwa sababu kuna mgonjwa aliyenitangulia akakubali kujaribiwa, nami niliona zamu yangu imefika.

Siku ya kwanza nilikalishwa chini ya taa kali, mikono nimeinyoosha. Mtafiti alikuwa mpole. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akautazama mkunjo wa kiwiko. Ngozi ya pale ilikuwa nene kama gamba, imepasuka mistari miwili, na kucha zangu zilikuwa zimeacha alama mbichi za alfajiri ileile. Akawa anasoma kwa sauti ili mwenzake aandike. Unene: tatu. Mikwaruzo: mbili. Wekundu: sifuri.

Nikautazama mkono wangu. Ni kweli haukuwa mwekundu. Ngozi yangu ni nyeusi, na ikiwaka haigeuki nyekundu. Inaingia zambarau, au kijivu, na mara nyingine inakuwa nyeusi kuliko sehemu zinazoizunguka. Nikamwambia, "Hapa panawaka moto." Akanijibu kwa upole kwamba fomu haina mahali pa kuandika hilo. Wiki ile nilikuwa nalala na soksi mikononi ili nisijichubue, na bado asubuhi nilikuwa nakuta matone ya damu kwenye shuka. Hakuna aliyeniuliza nimelala saa ngapi.

Baadaye nilijisomea nikaelewa. Kipimo kinachotumika sana katika majaribio ya dawa za pumu ya ngozi huugawa mwili sehemu nne: kichwa na shingo, mikono, kiwiliwili na miguu. Kila sehemu hupewa alama kuanzia sifuri hadi tatu kwa mambo manne, yaani wekundu, uvimbe, mikwaruzo na unene wa ngozi, kisha hesabu hupigwa kufuatana na eneo lililoathirika hadi kufikia 72. Muwasho haumo. Usingizi haumo. Na huo wekundu, kwa mtu mweusi, unaweza kumponyoka hata mtaalamu, akaandikwa mgonjwa wa kati mtu ambaye hali yake ni mbaya. Dawa ikimpunguzia mtu wa namna hiyo mateso, karatasi itasema imefanya kazi kidogo tu, kwa sababu tangu mwanzo mateso yake yalipunjwa.

Sisemi macho ya daktari yawekwe kando. Nasema hayatoshi peke yake, na wataalamu wenyewe wanalijua hilo. Watafiti wa Nottingham, Uingereza, walichapisha mwaka 2004 dodoso la maswali saba ambalo mgonjwa hulijaza mwenyewe: katika wiki iliyopita, ni siku ngapi ngozi yako imewasha? Ni siku ngapi usingizi wako umekatika? Imetoa damu, imetoa maji, imepasuka, imebanduka magamba, imekauka? Alama za juu kabisa ni 28. Dakika chache zinatosha kulimaliza, na halihitaji taa wala mashine. Kwa magonjwa ya ngozi kwa ujumla lipo lingine la maswali kumi, lililotoka Cardiff, Wales, mwaka 1994, linalomuuliza mtu kama ngozi imemharibia kazi, mavazi, michezo, hata mambo ya ndoa. Vifaa vipo. Ila kwenye tafiti nyingi vimewekwa pembeni kama pambo, na kwenye chumba cha daktari wa kawaida sijawahi hata siku moja kuletewa mojawapo.

Faida ya kumuuliza mgonjwa nimeiona katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018. Watoto 483 wenye pumu ya ngozi, wa mwaka mmoja hadi 11, huko Uingereza na Wales, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliambiwa litumie mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuoga, la pili lisitumie, na wote waliendelea kupaka mafuta yao ya mwilini kama kawaida. Watafiti waliwapima kwa dodoso lile la maswali saba, kila wiki kwa wiki 16. Haikuonekana faida ya maana. Nikakumbuka beseni letu lilivyokuwa likiteleza, na mama akinishika kwapa nisianguke, miaka nenda rudi, kwa kitu ambacho hakikuniongezea chochote. Jibu la "hapana" linamtua mzazi mzigo.

Miaka miwili baadaye likaja jingine. Watoto wachanga 1,394 kutoka familia zenye historia ya maradhi haya walifuatiliwa kuona kama kuwapaka mafuta kila siku mwaka wote wa kwanza kungewakinga. Walipofika miaka miwili, waliopakwa walikuwa na pumu ya ngozi kwa asilimia 23, na ambao wazazi wao hawakuelekezwa kuwapaka asilimia 25. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuhesabiwa kuwa faida. (Kwa mwenye ugonjwa tayari, mafuta yanabaki kuwa nguzo ya matibabu, asiache mtu kupaka kwa kunisoma mimi.) Mama yangu amejilaumu maisha yake yote kwamba hakunipaka vya kutosha nilipokuwa mchanga. Nilipomweleza matokeo haya alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamwambia si wewe, mama.

Mhariri, matokeo hayo niliyatafuta mwenyewe. Ya jaribio nililoshiriki mimi sijaambiwa mpaka leo. Nilipaka krimu ile asubuhi na jioni kwa wiki 12, nikapigwa picha za viwiko, shingo na nyuma ya magoti, nikatolewa damu mara tatu. Siku ya mwisho niliagwa vizuri, nikashukuriwa, basi. Sijui kama nilipaka dawa au krimu tupu. Sijui kama ilifanya kazi, au kama imeachwa. Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilianza nalo mwaka 1964 na kulipitia upya mwaka 2024, linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Tena toleo hilo jipya linatuita washiriki, badala ya lile neno la zamani lililotufanya tuonekane vitu vya kuchunguzwa. Jina nimelipenda. Ila mshiriki ni mtu anayerudishiwa habari.

Ninachowaomba watafiti hakihitaji fedha nyingi. Alama zile sifuri hadi tatu zifundishwe kwa picha za ngozi za rangi zote, na penye shaka ya wekundu mtafiti aguse kama pana joto na amuulize mwenye ngozi. Maswali ya muwasho na usingizi yawekwe mbele kabisa, yawe ndiyo yanayoamua dawa imefaulu au imeshindwa. Na utafiti ukiisha, ukurasa mmoja kwa lugha ninayoielewa.

Nakala yangu ya fomu ya ridhaa bado ninayo. Namba yangu ya ushiriki iko juu upande wa kulia, na namba ya simu niliyoiandika chini ya sahihi yangu ni ileile.

Wako,
Msomaji mwenye pumu ya ngozi