Kabla ya Kutandika Lamineti, Tuipime Sakafu ya Chini

Wateja wengi hutupigia simu wakiwa wameshanunua maboksi ya lamineti (vipande vya kufunika sakafu vyenye sura ya mbao), na wanachotaka kujua ni siku ya fundi kufika. Sisi huuliza kwanza: hiyo sakafu ya saruji iliyopo imenyooka?

Lamineti haigundishwi wala haipigiliwi misumari. Vipande hushikana kwa ulimi na mfereji uliochongwa pembeni, na vyote hulala juu ya sponji jembamba. Penye kibonde, kipande huning'inia. Kila ukikanyaga kinadidimia na kurudi, mpaka ule ulimi unakatika. Hapo sakafu huanza kulia, viungo huachia, na maji ya kudekia hupenya. Kiini cha lamineti ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, kikishavimba hakirudi.

Kipimo kinachokubalika na watengenezaji wengi ni tofauti isiyozidi milimita 3 katika urefu wa mita 2. Laza rula ya alumini ya mita 2, izungushe kila upande, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya katikati, pana kibonde. Rula ikicheza, pana kinundu. Weka alama kwa chaki. Pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha mteremko, si lazima hapa, maana sakafu inaweza kuteremka kidogo kuelekea mlangoni na bado ikafaa, mradi uso wake umenyooka.

Vinundu tunavisaga kwa grenda yenye kisahani cha almasi. Vumbi lake ni jingi, kwa hiyo fanicha na mapazia vitoke. Panapolia tupu ukigonga, tabaka la juu limeachana na zege, nasi tunalibomoa. Kupaka kitu juu yake ni kupoteza pesa zako.

Vibonde hujazwa saruji ya kujisawazisha, yaani inayomwagwa ikatandaa yenyewe, baada ya kufagia na kupaka praima, dawa ya kwanza ya kushikisha. Tafadhali usikubali fundi airuke praima. Bila hiyo, zege kavu hunyonya maji ya mchanganyiko, na tabaka jipya hupasuka au kubanduka. Kiasi cha maji nacho kifuate maelekezo yaliyoandikwa kwenye mfuko wa saruji. Yakizidi, uso hubaki unga.

Tunaombwa mara kwa mara kuweka sponji mbili badala ya kusawazisha. Hatufanyi hivyo. Sponji nene hubonyea zaidi, na viungo hufa mapema.

Kwa nyumba mpya au ya ghorofa ya chini, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache saa 24. Ukikuta matone au zege limekuwa jeusi, unyevu bado upo, subiri kwanza. Hata pakiwa pakavu, juu ya zege tunatanguliza nailoni nzito.

Bei ya kusawazisha hatuitaji kwenye simu. Tunaiandika peke yake baada ya kupima, na chumba kilichonyooka hakilipiwi.