Mkienda Laie, chagueni vijiji vitatu

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Umeuliza kama siku moja yatosha kwa kile kituo cha utamaduni wa Polynesia, yaani visiwa vya Pasifiki, kule Laie, kwenye kisiwa cha Oahu, Hawaii, ukiwa na watoto na mama mkwe. Yatosha, ila si kwa vijiji vyote sita vya maonyesho, kila kimoja cha visiwa vyake. Samoa, Aotearoa (New Zealand), Fiji, Hawaii, Tahiti na Tonga vimetandazwa kando ya maji kwenye eka 42, na kila kijiji kina onyesho lenye saa yake. Anayetaka kuvimaliza hushinda mbio na kukuta makofi ya mwisho. Chagueni vitatu, mkae.

Msiende Jumapili: kituo ni cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililokifungua 1963, na siku hiyo hapauzwi kitu. Jumatano nayo pamefungwa. Vijiji hufunguliwa karibu na saa saba mchana. Kutoka Waikiki, kwenye mahoteli ya Honolulu, ni kama kilomita 56, na barabara ya pwani ina njia moja kwenda na moja kurudi, kwa hiyo ondokeni saa tano. Wengi hukosea kwa kufika saa tisa. Luau, karamu ya Kihawaii, huanza mapema jioni, na ukishaitwa mezani vijiji umeviaga.

Anzeni Samoa, mama mkwe atacheka. Kijana anakaa na kijiti kilichochongwa ncha na kusimikwa ardhini, kifuo hichohicho cha kwetu. Anaikita nazi, anapindua, makumbi yanatoka vipande vitatu vinne. Kisha anaishika kiganjani na kuigonga kwa jiwe dogo katikati ya tumbo lake, si kichwani kwenye macho, nayo inapasuka sawasawa. Kukuna ni kwa chuma chenye meno kwenye kigoda, yaani mbuzi. Tofauti iko kwenye kukamua: tui hukamuliwa kwa nyuzi za gome la mti, hawana kifumbu.

Moto nao hawaupekechi. Kijiti husuguliwa mbele na nyuma juu ya gogo laini mpaka kichimbe mfereji na unga mweusi urundikane mwishoni. Mkono ukipumzika unga hupoa, kazi inaanza upya. Mti ukiwa na unyevu, utapata moshi tu. Unga ukishika cheche unamwagwa kwenye makumbi makavu na kupulizwa taratibu.

Pale kijiji cha Hawaii ulizeni poi. Ni majimbi yaliyochemshwa yakaiva kabisa (yasipoiva huwasha koo, unajua), yakapondwa na kutiwa maji kidogo kidogo. Ikilala siku mbili tatu huchachuka. Watoto wataitema wakiilamba peke yake. Huliwa na kitoweo cha chumvi. Mkiona mtumbwi wa kienyeji, mwonyesheni bibi: ngalawa yetu ina matengo mawili, wao wanaweka moja, upande wa kushoto. Zile mnazopanda mle ndani husukumwa kwa upondo.

Sasa chakula. Fahari ya luau ni nguruwe wa imu, tanuri la shimoni. Mawe ya volkano hupashwa kwa kuni hadi yawe mekundu. Jiwe la mtoni lenye maji ndani hupasuka, ndiyo maana hawalitumii. Juu ya mawe hayo ya moto huja migomba iliyopondwa, ambayo mvuke wake huzuia nyama isiungue, kisha majani, nyama, majani tena, magunia yaliyoloweshwa na udongo. Kufukua ni kitu cha kutazama hata kama hamli. Ila lau lau, ile nyama iliyofungwa kwenye majani ya majimbi, mara nyingi ni nguruwe pia, na kuku hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Nunueni tiketi isiyo na karamu, mle samaki sokoni mlangoni. Kuingia sokoni hakulipiwi. Pombe haiuzwi kituoni, hapo hamna wasiwasi.

Onyesho la usiku huanza saa moja na nusu. Kama mdogo hulala mapema, usilipie. Mkibaki, mtafika Waikiki kama saa nne na nusu.

Bebeni makoti ya mvua. Upepo wa kule hutoka kaskazini-mashariki kama kaskazi, ila ule haungoji msimu, na Laie iko upande unaopigwa. Mvua hushuka dakika kumi, ikakoma, ikarudi. Miavuli iacheni hotelini, itawaziba walio nyuma.

Msalimie mama.

Wako,
Zuhura