Kisumu ipate waongoza watalii wa mjini kama Fes

KWA MHARIRI,

Naomba nafasi katika gazeti lako niishauri Serikali ya Kaunti ya Kisumu, pamoja na kaunti jirani za eneo la Ziwa, kuhusu jambo ambalo limepuuzwa kwa muda mrefu. Hatuna watu waliofunzwa, wakatahiniwa na kupewa leseni ya kumtembeza mgeni mjini kwa miguu na kumweleza historia ya mji huu kwa utaratibu, toka asubuhi hadi jioni. Nimelitafakari suala hili tangu niliposhiriki ziara ya siku moja katika mji wa kale wa Fes, nchini Moroko, nikiwa na walimu wenzangu, na kila nikipita katika Barabara ya Oginga Odinga naona tulivyo na mengi ya kusimulia na tulivyokosa wasimulizi.

Fes iliasisiwa na Idris wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 8 na kuendelezwa na mwanawe, Idris wa Pili. Sehemu yake ya kale iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1981. Ndani ya kuta zake hakuna gari linalopita. Mitungi ya gesi, kreti za soda na ngozi mbichi hubebwa na punda na nyumbu, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mnyama akija na mzigo wake, watu hujibanza ukutani mpaka apite. Mgeni akiingia peke yake hupotea haraka. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nchi hiyo inauheshimu utalii kama kazi ya kitaaluma, waongoza watalii wa Moroko hupewa leseni na serikali na huvaa beji inayoonekana, na askari wa kitengo cha utalii huwaandama wale wanaojifanya waongozaji bila idhini.

Mwongozaji wetu alitupokea kwenye lango la Bab Bou Jeloud, ambalo vigae vyake ni vya buluu upande wa nje na vya kijani upande unaoelekea ndani ya mji. Kila mtu hulipiga picha lango hilo akidhani ni la kale sana. Yeye alitueleza mara moja kwamba lilijengwa mwaka wa 1913, mwaka mmoja baada ya Ufaransa kuifanya Moroko nchi chini ya ulinzi wake, na kwamba tusilichanganye na kuta zenyewe, ambazo zina umri mkubwa zaidi. Angeweza kunyamaza na kutuacha tushangae. Tangu hapo nilimwamini kwa kila alichosema.

Kutoka langoni si mbali kufika Madrasa ya Bou Inania, iliyojengwa katika miaka ya 1350 kwa amri ya Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini. Ni mojawapo ya majengo machache ya kidini mjini humo ambayo asiye Mwislamu anaruhusiwa kuingia. Ukutani, vigae vidogo vilivyokatwa kwa mkono vimefika usawa wa kifua, juu yake pana plasta iliyochongwa, na juu kabisa pana mbao za mwerezi zenye nakshi. Mwongozaji alipojua kwamba tunatoka Kenya, alituweka katika ua wa marumaru na kutukumbusha kwamba sultani huyohuyo ndiye aliyeamuru safari za Ibn Battuta ziandikwe. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331. Habari zake alizisimulia kwa mdomo, mwandishi Ibn Juzayy akaziandika, na kazi hiyo ikakamilika mwaka wa 1355. Ndiyo maana leo tunaweza kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba watu wa Mombasa wa zama hizo walikula zaidi ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao. Naamini mgeni kutoka Ufaransa au Senegali angeelezwa habari nyingine katika ua huohuo. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa kukariri karatasi; lazima awe ameisoma historia yenyewe.

Mkabala na madrasa hiyo, juu ya ukuta wa nyumba iitwayo Dar al-Magana, yako mabaki ya saa ya maji ya mwaka wa 1357. Saa hiyo haifanyi kazi tena, na kwa macho ya mpita njia ni safu tu ya madirisha madogo na vipande vya mbao vilivyochomoza. Hata hivyo, hapo ndipo tulipokaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Tulielezwa kwamba inaaminika nyuma ya ukuta palikuwa na kigari kidogo kilichofungwa kamba, na kamba hiyo iliunganishwa na boya lililoelea ndani ya tangi. Maji yalipopungua polepole, boya lilishuka na kigari kikasogea. Kila saa ilipotimia, mlango mmoja kati ya 12 ulifunguka na tufe la chuma likadondoka ndani ya bakuli la shaba, ili mtaa mzima usikie. Mzee mmoja katika kundi letu aliuliza maswali mpaka kundi lililotufuata likajiunga nasi kusikiliza majibu.

Kwenye Msikiti wa Qarawiyyin, sisi tusio Waislamu tulisimama mlangoni, kama inavyotakiwa, na kutazama ua kwa mbali. Mapokeo yanasema kwamba uliasisiwa mwaka wa 859 na Fatima al-Fihri, mwanamke ambaye familia yake ilitoka Kairouan katika nchi ambayo leo ni Tunisia, na chuo kilichokua ndani yake huhesabiwa na wengi kuwa chuo kikuu kikongwe zaidi duniani ambacho hakijawahi kuacha kufundisha. Mwongozaji alilitumia neno hilo, mapokeo, kwa makusudi, akatenganisha linalosimuliwa na lililothibitishwa kwa maandishi. Aliongeza kwamba maktaba ya Qarawiyyin ilikarabatiwa katika miaka ya hivi karibuni chini ya uongozi wa msanifu majengo Aziza Chaouni, aliyezaliwa Fes. Wanafunzi wa kike ninaowafundisha wamependa sana kusikia majina hayo mawili yakitajwa kwa pamoja.

Sitaeleza kila kituo. Kwenye viwanda vya ngozi vya Chouara tulipewa majani ya nanaa tuyashike puani, kwa sababu ngozi hulowekwa katika mashimo ya mawe yenye chokaa na kinyesi cha njiwa kabla ya kutiwa rangi, na harufu yake ni kali. Wanaume husimama ndani ya mashimo hayo hadi mapajani wakiikanyaga ngozi kwa miguu, na mwongozaji alitutaka tuwatazame kama mafundi walio kazini. Jambo lisilonipendeza lilikuwa muda tuliopotezewa katika maduka ya mazulia na mikoba, ambako ni wazi kwamba waongozaji hulipwa kitu kidogo mgeni anaponunua. Tukianzisha utaratibu wetu, desturi hiyo tusiichukue. Ada ya ziara ibandikwe hadharani, na mwongozaji aishi kwa ada hiyo.

Sasa niigeukie Kisumu. Najua kuna watakaosema kwamba Fes ina zaidi ya miaka 1,200 na sisi tuna mji uliozaliwa na reli. Hoja hiyo siikubali. Katika Barabara ya Oginga Odinga tuna mnara wa saa uliozinduliwa mwaka wa 1938 na Gavana Robert Brooke-Popham. Ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kwa kumbukumbu ya baba yao, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki mwaka wa 1871 na kufariki Kampala mwaka wa 1910. Maelfu ya watu huupita kila siku, kwa miguu, kwa tuktuk na kwa bodaboda, na sijamwona mtu akimsimamisha mgeni hapo kumweleza jinsi Wahindi walivyoifuata reli hadi ziwani, wakafungua maduka, wakajenga misikiti na mahekalu ambayo bado yamesimama. Watu wa Fes wanamkusanyia mgeni elimu kutokana na saa iliyokufa zamani; sisi mnara wetu umekuwa mahali pa kuagania matatu.

Reli yenyewe ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Wakati huo eneo hili lote lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Lilihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka wa 1902. Nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba Kisumu iliwahi kuwa Uganda, hawaamini mpaka niwaonyeshe ramani. Mwongozaji aliyefunzwa angeanzia hapo, kituoni na bandarini. Kisha angewaonyesha wageni jinsi wakoloni walivyoupanga mji ili Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, na angewaeleza waziwazi kilichotokea tarehe 25 Oktoba 1969, watu walipopigwa risasi siku ya ufunguzi wa hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Huko Fes tuliambiwa pia habari za Mellah, mtaa ambao Wayahudi walihamishiwa mwaka wa 1438, na hakuna aliyeona kwamba mji umevunjiwa heshima.

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980, yana boma kamili la Kijaluo, lenye nyumba za wake watatu na ya mwana wa kwanza, kila moja mahali pake kwa mujibu wa mila. Ni hazina kubwa. Lakini nimeshuhudia mabasi ya shule kutoka Nakuru na Kakamega yakishusha wanafunzi kule, wakalipita boma hilo kwa mwendo wa haraka, wakakimbilia nyoka na mamba, kisha wakapelekwa kuwaona swala pale katika hifadhi ya Impala na kurudi nyumbani. Wanafunzi hawana kosa. Mpangilio wa nyumba katika boma hauwezi kujieleza wenyewe kwa kijana aliyelelewa katika ploti ya mjini.

Nje ya mji hali ni ileile. Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, iliingia katika orodha ileile ya UNESCO mwaka wa 2018. Kuta zake, ambazo asili yake hukadiriwa kuwa ya karne ya 16, zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila kuunganishwa kwa udongo wala saruji, na mahali pengine zinapita mita nne kwenda juu. Kit Mikayi, miamba mikubwa iliyopandana, iko kando ya barabara ya Bondo, si mbali na Kisumu, na katika kisiwa cha Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya na machimbo ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale sana, mwaka wa 1948. Haya yangetosha ziara za siku nyingine baada ya ile ya mjini, nami ningependa zianze baadaye, mji wenyewe ukishapata waongozaji.

Ninachopendekeza kinaweza kufanyika bila sheria mpya ya Bunge. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti majukumu ya utalii wa mashinani na makumbusho. Tayari nchi hii ina mitihani inayoheshimika ya waongoza safari, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, ingawa mkazo wake mkubwa ni wanyamapori na mbuga. Kaunti ya Kisumu ishirikiane na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Maseno kutayarisha mafunzo ya historia ya mji na ya kanda ya Ziwa, watahiniwe vijana waliosoma historia na jiografia wakakosa kazi, na atakayefaulu apewe beji na idhini ya kuongoza kwa Kiswahili, Kidholuo, Kiingereza au lugha nyingine atakayoimudu. Watahiniwa waulizwe wanachokijua na pia waulizwe wamekijuaje. Vibao vya maelezo viwekwe penye mnara wa saa, kituo cha reli na bandari, kama vile Fes ilivyoweka vibao vya rangi mbalimbali vya kumwelekeza mgeni katika njia zake za kihistoria.

Wateja wa kwanza wawe wanafunzi wetu, wala tusingoje ndege za watalii kutoka ng'ambo. Shule za eneo hili tayari hulipia ziara kila mwaka, na wazazi wanagharimika. Pesa hizo zingewalipa vijana wa Kisumu kwa kazi ya heshima.

Kaunti itakapowaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ijayo, nitafika kikaoni na pendekezo hili kwa maandishi. Nawaomba walimu wenzangu wa Nyando, Seme, Muhoroni na kwingineko wafike pia, na waziri wa kaunti anayehusika na utalii atujibu siku hiyo kama mafunzo hayo yanaweza kutengewa fedha mwaka huu.

Mwalimu wa Historia,
Kisumu