Kampeni za ndani ya gemu zianze na kalenda ya uchaguzi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wapanga kampeni jambo moja: kijana anayecheza gemu hahitaji kuonyeshwa sura ya mgombea, anahitaji kupewa la kufanya siku hiyohiyo.

Mwaka 2008 Barack Obama alinunua matangazo katika gemu 18 za EA, kampuni ya Marekani inayotengeneza gemu, ikiwemo ya magari ya Burnout Paradise. Linalokumbukwa ni bango lenye picha yake kando ya barabara. Lakini bango hilo liliwatokea wachezaji wa majimbo 10 tu ya Marekani, yale yenye ushindani, tena lilitangaza kwamba kura ya mapema imeshaanza. Lingetoka miezi mitatu kabla, lingekuwa pambo tu.

Kuunda gemu yako mwenyewe ni kazi ghali na mara nyingi hupotea bure. Gemu ya kampeni ya Howard Dean, aliyewania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais wa Marekani, iliyotoka mwishoni mwa 2003 kabla ya mchujo wa jimbo la Iowa, ilimfundisha mchezaji kubisha hodi nyumba kwa nyumba na kugawa vipeperushi. Sera za Dean hazikuwemo. Katika mchujo huo alimaliza wa tatu.

Kwa wenye fedha kidogo, njia bora ni kucheza mubashara. Oktoba 2020 mbunge wa Marekani Alexandria Ocasio-Cortez alicheza Among Us, gemu ya kumsaka msaliti miongoni mwa wachezaji, kwenye Twitch, mtandao wa kurusha gemu mubashara, na watazamaji wakapita 400,000 kwa wakati mmoja. Alicheza na watu ambao tayari wana wafuasi wao huko. Mgombea anayefungua chaneli mpya peke yake atacheza mbele ya wafanyakazi wa ofisi yake. Afanye mazoezi kwanza, maana asiyejua vitufe hugundulika ndani ya dakika moja. Msimbo wa chumba, yaani namba ya siri ya kuingilia mchezo wenu, ufichwe kwenye skrini, la sivyo wageni wataingia na kuvuruga. Picha icheleweshwe sekunde kadhaa, gumzo la watazamaji lipate wasimamizi wasiopungua watatu, na kiungo cha kujiandikisha kibandikwe juu yake muda wote. Kiungo hicho kijaribiwe kwenye simu, kwa sababu ndiko wengi watakakokifungulia.

Masharti ya mwenye gemu nayo yasomwe mapema. Kampeni ya Joe Biden ilisambaza kwa misimbo ya QR mwaka 2020 mabango ya kuweka ndani ya Animal Crossing, gemu ya kujenga kisiwa chako; Novemba mwaka huohuo Nintendo, kampuni yenye gemu hiyo, ikatoa mwongozo unaozitaka kampuni na mashirika yasiingize siasa katika gemu hiyo. Anayeweka bajeti yake yote kwenye gemu moja anaweza kuamka siku moja akute mlango umefungwa.

Tena miongoni mwa wachezaji wamo watoto wengi. Fomu yoyote iulize umri kabla ya jina na namba ya simu, na aliye chini ya umri wa kupiga kura asichukuliwe taarifa zake hata kidogo. Chama kinachokusanya namba za watoto kwa kisingizio cha gemu kinastahili kushtakiwa.

Mdau wa michezo ya kompyuta