Barua kwa somo yangu

Njombe, 14 Julai

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi sijambo. Nimejifunika mablanketi mawili juu ya sweta na vidole vinashika kalamu kwa taabu, ila afya ninayo. Natumaini nawe na wanao mko salama, na mama mguu umepoa. Mwambie ule mkeka wake ndio nilioukalia sasa hivi.

Juzi simu ilikatika tukiwa katikati ya maneno. Ulikuwa umeniuliza, mtu mzima kama mimi, mwalimu, nafuata nini kwenye vitabu vya majoka na vyombo vya angani ilhali dunia hii yenyewe hatujaimaliza. Nililala na swali lako. Najua hukuuliza kwa kejeli, na ndiyo maana liliniuma kukosa jibu palepale. Leo nimekaa nikujibu vizuri, kwa sababu ni jambo ninalolipenda na sitaki ulione dogo.

Nianze na kitabu chenyewe. Nilikinunua Dar kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limechanika nusu, safari ile ya kwanza ya kuja huku. The Left Hand of Darkness, cha Ursula K. Le Guin, Mmarekani, kilitoka mwaka 1969. Kinamhusu mjumbe aitwaye Genly Ai, aliyetumwa kwenye sayari ya baridi kali kuwaomba watu wake wajiunge na umoja wa sayari nyingine. Ametumwa peke yake kwa makusudi: mgeni akiwa mmoja watu humshangaa tu, wakija wawili tayari ni uvamizi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatazama dirishani. Basi lilikuwa linapanda Kitonga.

Nilivyofika nilikusimulia, lakini si yote. Nilishuka stendi usiku nimevaa dera na ndala, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Mama mwenye nyumba alinifungulia mlango, hakuniuliza mengi, akaingia chumbani kwake akatoka na blanketi ambalo bado lilikuwa na joto la mwili wake. Akanifunika nalo nikiwa nimesimama. Asubuhi akanifundisha kusema kamwene, salamu ya huku. Na siku ya tatu alinipa jembe kweli, wala si methali, tukateremka vinyunguni, kwenye bustani zao za bondeni, kuchimba viazi.

Ndiyo maana Genly Ai aliniingia moyoni. Mwenyeji wake anaitwa Estraven, waziri mkuu wa nchi ile, na Genly hamwamini hata chembe. Watu wale wana heshima zao: kumpa mtu ushauri waziwazi ni kumvunjia hadhi, kwa hiyo jambo zito husemwa kwa kuzunguka. Sisi wa pwani hilo tunalijua, kanga husema kile ambacho mdomo umekizuia. Estraven alikuwa anamsaidia tangu mwanzo kwa lugha hiyo ya mafumbo, na mgeni hakusikia. Anafukuzwa nchini kwake kwa ajili ya huyo mgeni. Na Genly anapotupwa kwenye kambi ya wafungwa katika nchi jirani, ni Estraven yuleyule anayekwenda kumwiba usiku na kumtoa akiwa hajiwezi. Kisha wanakata uwanda wa barafu, wao wawili tu, zaidi ya miezi miwili, wakiburuta hema lao, jiko na chakula cha kupimiana.

Kuna mahali nimepasoma mara nyingi mno. Wako hemani, nje upepo na theluji, katikati kuna jiko dogo. Genly anatetemeka. Estraven anatoka jasho, maana mwili wake umezoea baridi na joto la mgeni kwake ni adha. Basi wanapatana kiwango cha katikati: mmoja avumilie baridi kidogo, mwingine avumilie joto kidogo, walale. Ukurasa huo umenifundisha habari za kuishi na watu kuliko semina zote nilizokalishwa tangu nianze kazi.

Sasa sikiliza hili, maana hapa Kiswahili chetu kilinifurahisha. Watu wa sayari ile si wanaume wala si wanawake. Siku chache za kila mwezi mwili unaelekea upande mmoja, mwezi mwingine huenda ukaelekea upande wa pili, hivyo mtu yuleyule anaweza kuwa mama wa mtoto huyu na baba wa yule. Kwa Kiingereza mwandishi alitaabika. Lugha ile ilimlazimisha achague kiwakilishi cha kiume au cha kike, akachagua cha kiume, akalaumiwa, na miaka mingi baadaye mwenyewe aliandika kukubali kwamba lawama zile zilikuwa za haki. Mimi nilipoanza kumsimulia mama mwenye nyumba jioni, taabu hiyo sikuiona kabisa. Alikuja, akaketi, akacheka. Ndugu yake, mtoto wake, mzazi wake. Jioni ya nne ndipo mama akaniuliza, "Huyu Estraven ni mke au mume?" Nikagundua nimesimulia jioni tatu nzima na lugha haijanidai jibu. Tulipofika mahali mfalme anashika mimba, alinyamaza kidogo akiwaza, kisha akauliza ni nani atakayemkanda akijifungua. Hakushangaa zaidi ya hapo. Alikuwa amekwisha kuwapokea.

Na hilo ndilo jibu langu, somo. Unadhani nafuata mashine na maajabu. Mimi nafuata ugeni. Sijaona vitabu vingine vinavyouchukulia kwa uzito kiasi hiki: mtu anafika kwa watu asiowajua, hajui chakula chao wala salamu yao, na kila kitu kinategemea wataupokeaje mkono wake, na yeye ataupokeaje wa kwao.

Baada ya hicho nilisoma Binti, cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2015. Ndiyo, neno letu hilohilo, na ndilo jina la msichana mwenyewe. Ni Mhimba, kabila la huko Namibia, bingwa wa hesabu, wa kwanza katika watu wake kupata nafasi kwenye chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Anatoroka nyumbani kwao wote wakiwa wamelala. Wanawake wa Kihimba hujipaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, mwilini na kwenye nywele. Akiwa kwenye foleni ya safari, mwanamke mmoja wa kabila lingine anamshika msuko bila kumwomba, anausugua kwa vidole, ananusa. Nilihisi vidole vile kichwani kwangu mwenyewe.

Safarini yanatokea mauaji ambayo sitakueleza, uyasome. Ninachotaka ukitazame ni kile kikopo cha otjize. Anajipaka kwa kujipunja, kinapungua kila siku, na hajui akifika huko atapata wapi nyingine. Mwisho anakwenda msituni karibu na chuo, anatafuta udongo wa sayari ngeni, anauchanganya mwenyewe, kisha anangoja aone kama utafaa. Unakumbuka mafuta ya nazi uliyonipa pale stendi? Siku ya pili yaliganda yakawa meupe kama nta, nikawa nayachokoa kwa mpini wa kijiko na kuyapasha kwenye viganja. Nilikuwa nayachokoa hivyohivyo nilipofika kwenye ukurasa ule, na nililia, nakwambia kweli.

Si vyote vilivyonikaa. Vile vya mrithi wa ufalme aliyefichwa kijijini, juzuu tano, na ramani mbele, nimejaribu vitatu nikaviacha. Dune cha Frank Herbert, cha 1965, nilikimaliza, na kina mambo makubwa. Ni jangwa ambalo watu huvaa nguo za kukusanya jasho lao walinywe tena. Mwenyeji mmoja anatema mate mezani mbele ya wageni, nao wanataka kuchukua hatua, kumbe kwao kumtolea mtu maji ya mwilini mwako ni heshima kubwa. Utakutana humo na Mahdi na jihadi, maneno tuliyoyasikia chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Lakini mgeni wa kitabu kile anaishia kuketi juu ya wenyeji wake, wakiua na kufa kwa jina lake. Najua mwandishi alikusudia kutuonya. Hata hivyo nilikifunga na moyo mzito, kwa kuwa sisi wa Tanga wageni wa namna hiyo tumewaona, na makaburi yao tunayapita kila siku.

Na usiseme haya ni mambo ya wenzetu. Kusadikika, nchi inayoelea hewani, Shaaban Robert aliitoa mwaka 1951, na yeye kazaliwa Vibambani, hapohapo kwetu. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, wanarudi na mema waliyoyaona ugenini, wanatiwa gerezani. Tulipokisoma shuleni tulifundishwa kutafuta dhamira na kujaza karatasi ya mtihani. Hakuna aliyetuambia tukae kimya kidogo tuiwaze ile nchi iliyokosa ardhi chini yake. Katama Mkangi wa Kenya naye, katika Walenisi, cha 1995, anamtia Dzombo aliyehukumiwa kufa ndani ya chombo cha kumpeleka angani, na Dzombo hafi, anatua kwenye nchi ambayo jina lake ukilikata vizuri linasema wale ni sisi. Mkangi alikuwa mhadhiri, na serikali yake iliwahi kumweka kizuizini. Mtu aliyepitia hayo akikuandikia juu ya hukumu na safari, msikilize. Nakala yangu unayo wewe tangu mwaka juzi. Anza na hicho, halafu uniandikie ulichokiona, hata kama ni kunipinga.

Mama mwenye nyumba sasa halali bila kipande cha hadithi. Nikirudi kutoka shule ananiuliza wale wawili wamefika wapi na barafu yao. Anawahesabia chakula, jana amesema mgawo haukutosha mtu anayevuta mzigo. Hajui kwamba wakishavuka salama, palepale mpakani, Estraven anapigwa risasi. Hajui pia kwamba Genly atakwenda mpaka nyumbani kwao kuwaona wafiwa, na mtoto wa marehemu atamwomba asimulie mzazi wake alikufaje, kisha awape habari za walimwengu wa huko kwenye nyota.

Nimeahirisha jioni mbili, nikasema nina madaftari ya kusahihisha. Leo kachemsha viazi mapema. Namsikia anasogeza kigoda karibu na jiko, na changu keshakiweka.

Wasalimie wote, na mama mshike mguu kwa niaba yangu. Mafuta mengine ya nazi mpe kondakta wa basi, nitayapokea stendi.

Ni mimi,
Somo yako